Nani kazima taa ndani ya chupa?

Mjomba alishuka kwenye basi la Ruangwa akiwa na chupa ya plastiki ya soda iliyojaa maji ya kisima, kaiviringisha kwenye kanga kama yai. Kisima chao hakiko mbali na mwalo wa kuoshea dhahabu, ambako zebaki hutumika kuikamata dhahabu.

"Mpwa wangu, nasikia una dawa ya kuwaka. Nitilie humu nijue kama tunakunywa zebaki."

Dawa yenyewe ni vitone vya kaboni, chembe zisizozidi nanomita 10. Zipange elfu kumi hivi ndipo ufikie unene wa unywele. Dunia ilivigundua 2004 kwa bahati tu, watafiti wa Marekani walipokuwa wakisafisha mirija ya kaboni. Mimi hapa Mtwara navipika kwa maji ya mabibo, matunda ya mkorosho (ndiyo, wapo wanaonilaumu kwamba naharibu pombe ya uraka). Nayachuja, nayafungia kwenye chombo cha chuma kisichovuja, kisha tanurini nyuzi 180 kwa saa kadhaa. Kinachotoka ni maji ya kahawia yasiyo na mvuto. Yamulike kwa taa ya urujuanimno, ile ile wanayokagulia noti bandia madukani, yanawaka buluu.

Mwanga huo unatokana na elektroni: miale inaipandisha, nayo ikishuka inatoa nuru. Zebaki ikiwepo, inaidaka elektroni kabla haijashuka, na taa inafifia. Kadiri zebaki inavyozidi ndivyo giza linavyozidi, na hilo linapimika.

Nikadondosha matone kwenye maji ya mjomba. Yakafifia palepale. Mjomba akashika kichwa.

Nikamwambia atulie, maana chuma nacho huzima taa hii, na shaba pia. Udongo wetu mwekundu umejaa chuma, na ndoo yake mwenyewe nyumbani ina kutu pembeni. Nikachukua maji mengine kwenye chupa ile ile, safari hii nikatia kwanza floridi, ambayo hukikamata chuma. Vitone vikawaka karibu kama kawaida.

Kwa hiyo kuzimika peke yake si ushahidi, na video zinazoonyesha chupa ikizimika halafu watu wakapiga makofi zinanikera. Ndiyo sababu tunaongeza sehemu ya uhai, na hapo ndipo jina bayosensa, yaani kipimo chenye sehemu ya uhai, linapopata maana. Zebaki hupenda kujipachika katikati ya herufi T mbili za DNA, uzi wa urithi ulioandikwa kwa herufi nne: A, T, G na C. Basi tunachukua uzi mfupi wenye T nyingi, kitone kwenye ncha moja, kizima-mwanga kwenye nyingine. Zebaki ikija, uzi unajikunja, ncha zinakutana, taa inazimika. Chuma hakina ufunguo wa mlango huo.

Hata hivyo sikumpa mjomba jibu. Shirika la Afya Duniani linaweka ukomo wa maikrogramu 6 za zebaki kwa lita ya maji ya kunywa, kiasi ambacho macho na taa ya noti havitoshi kukiona. Kinahitaji mashine ya kupima mwanga. Halafu kuna chupa yenyewe. Zebaki hung'ang'ania kuta za plastiki, na maji yale yalikaa humo siku mbili. Huenda ilikuwepo, ikabaki ukutani.

"Sasa nikawaambie nini kijijini?"

"Waambie chuma kipo. Zebaki nakuja kuichukulia sampuli mwenyewe Jumamosi, na chupa za kioo zenye asidi kidogo."

"Njoo na taa pia. Watoto wameshasikia."