Je, wajua kwa nini stika za bendi za hevi metali hubandikwa pale zitakapochubuka?

Pindua skeitibodi ya mtu aliyeizungushia mitaani miezi kadhaa. Katikati, baina ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, utakuta mabaki ya stika: pembe moja, jino refu kama la ngiri, kipande cha herufi nyeupe zilizochongoka. Huyo alikuwa Snaggletooth, yule mnyama wa bendi ya Motörhead aliyechorwa na Joe Petagno mwaka 1977. Mwenye ubao angeweza kumbandika kwenye kompyuta au kasha la gitaa, akadumu miaka. Mbona akamweka pale atakapokwanguliwa?

Kwanza, kwenye ubao wenyewe hakuna mahali pengine. Ubao wa skeitibodi kwa kawaida ni tabaka 7 nyembamba za mbao ngumu ya mti wa mepo (maple) zilizounganishwa kwa gundi na kukandamizwa. Juu hufunikwa msasa ili viatu vishike, basi nafasi ya picha ni tumboni. Na tumbo hilo ndilo linalosuguana na mabomba ya ngazi na kingo za saruji mchezaji anapoteleza. Miaka ya 1980 wengi walifunga vijiti vya plastiki chini ya ubao ili kulinda picha. Baadaye vilipungua, na mikwaruzo ikawa ushahidi: stika nzima yaonyesha muziki unaoupenda, iliyochubuka yaonyesha pia kwamba ubao umefanya kazi.

Lakini kwa nini hevi metali hasa, huo muziki mzito wa magitaa? Mwishoni mwa miaka ya 1970 viwanja vingi vya mchezo huu Marekani vilifungwa kwa sababu gharama za bima zilikuwa hazibebeki. Vijana wakahamia barabarani na kwenye mabwawa makavu ya kuogelea, wakawa watu wa kufukuzwa na walinzi. Metali nayo haikupendwa na wakubwa: Septemba 1985 kamati ya Seneti ya Marekani ilikaa kusikiliza malalamiko juu ya maneno ya nyimbo, na miongoni mwa bendi zilizokuwa zimenyooshewa kidole na wazazi walioanzisha kampeni hiyo ni Black Sabbath, Judas Priest na Venom. Jarida la Thrasher, lililoanza San Francisco mwaka 1981, liliandika habari za mchezo na muziki mkali katika kurasa zilezile.

Hata hivyo, kwangu mimi kutengwa pamoja hakutoshi kueleza undugu huu. Kilichoufunga ni watu wenyewe. Mchoraji Pushead alichora mafuvu ya mbao za Zorlac, kampuni ya Texas, na mkono huohuo ukachora fulana za Metallica. Kisha Zorlac ikatoa ubao wenye jina la Metallica. Mwaka 1986 James Hetfield, mwimbaji wa bendi hiyo, alivunjika mkono akiteleza kwa skeitibodi katikati ya ziara. Fundi wa magitaa, John Marshall, akampigia gitaa, naye Hetfield akaendelea kuimba na plasta mkononi. Kule Venice, California, Mike Muir aliongoza Suicidal Tendencies, bendi iliyochanganya panki na metali, ilhali kaka yake Jim alikuwa miongoni mwa vijana wa timu ya skeitibodi ya Zephyr na mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya mbao za Dogtown. Kwa hiyo fuvu la bendi likibandikwa kwenye ubao, haliwi mgeni. Limekaa kwao.

Ubao ukikatika vipande viwili, stika ya zamani haibanduki. Hutupwa nao, au huning'inizwa ukutani. Mwenyewe hununua ubao mpya, akatoa stika nyingine aliyoitunza ndani ya kitabu isikunjike, akaishindilia kwa kidole gumba kuanzia katikati kwenda pembeni, mpaka viputo vyote vya hewa vitoke.