Je, wajua kwa nini fulana ya pamba huleta baridi usiku wa kupanda kilele cha Kilimanjaro?

Kambi ya Barafu, mita 4,673, saa tano za usiku. Wageni wameamshwa, wamepewa chai na biskuti, na mwongozaji anayejua kazi yake anapita akikagua mavazi. Koti halimshughulishi sana. Anauliza: ndani umevaa nini? Ukimjibu fulana ya pamba, jiandae kurudi hemani ukabadilishe. Nje joto liko chini ya sifuri, upepo unavuma, na mbele kuna saa sita au saba za kupanda hadi Uhuru, mita 5,895. Sasa kama una koti nene la manyoya ya bata, fulana ina kosa gani?

Kosa lake ni jasho. Aliyekunywa maji ya mtungini anajua habari hii tayari. Mtungi wa udongo hupoza maji kwa sababu maji hupenya kidogo kidogo hadi nje, yanakauka, na yanapokauka yanaondoka na joto. Fulana ya pamba ikilowa, mtungi ni wewe. Isitoshe, maji hupitisha joto kama mara 25 kuliko hewa iliyotulia. Ukiwa unapanda huhisi kitu, mwili unachemka. Ngoja msimame dakika tano: mgongo wote, pale begi lilipobana, unakuwa kama umebandikwa kitambaa cha maji.

Sufu nayo hunywa maji, tena mengi, hadi karibu theluthi ya uzito wake kabla hujahisi kuwa imelowa. Ila maji hayo hayakai pale yanapokaa kwenye pamba. Unywele wa kondoo una magamba madogo juu yake yanayokataa matone, huku mvuke wa jasho ukipenya na kujificha ndani. Ngozi yako inagusana na upande mkavu. Na cha ajabu, sufu inapofyonza mvuke hutoa joto kidogo. Si jiko, lakini lipo. Tena unywele wenyewe umejikunja-kunja, haulali bapa, kwa hiyo hunasa hewa. Hewa hiyo ndiyo blanketi. Ukiondoa kijoto kile kidogo, nguo haina moto wake yenyewe.

Sufu inayotafutwa mlimani ni ya merino, aina ya kondoo mwenye sufu laini. Kwa nini merino, si kondoo yeyote? Kwa sababu ya kuwashwa. Unywele mnene, wa mikroni 30 na zaidi (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), haupindi ukigusa ngozi, unachoma. Wa merino kwa kawaida hauzidi mikroni 24, basi unalala. Pia hauchelewi tu kulowa, unachelewa kunuka, na baada ya siku sita mlimani mnaolala hema moja mtalishukuru hilo.

Juu ya merino huja sweta la flizi, kitambaa laini chenye vinyweleo, kisha koti la kuzuia upepo. Lile la manyoya huvaliwa zaidi mkisimama. Nguo mbili nyembamba huishinda moja nene, maana katikati yake kuna hewa, na ukianza kutoka jasho unavua moja. Lakini zisibane. Wengi hukosea miguuni: wanavaa soksi mbili nene ndani ya kiatu kilichowatosha kwa moja, hewa inaminywa ikaisha, damu nayo inapita kwa shida, vidole vinakufa ganzi.

Ile “pole pole” ya waongozaji ni kwa ajili ya mwinuko, lakini mimi naona inaokoa fulana pia: asiyekimbia halowi.

Merino mpya ni ghali. Polista, kitambaa cha nyuzi za plastiki, ni ndugu yake wa bei nafuu; inanuka upesi, ila inakauka haraka na inaishinda pamba kwa mbali. Mwenye subira ajaribu mitumba ya soko la Memorial, Moshi, apekue lundo akisoma lebo za kolani. Ukiipata merino, iinue juani kwanza: sufu nyembamba hutoboka kwapani na pale kamba za begi zinaposugua.