Mvua haiahirishi jumuiya

"Jumuiya ya kesho imeahirishwa kwa sababu ya mvua." Tangazo la namna hii ni la kawaida Kigoma kuanzia Novemba, na hakuna anayeshtuka. Tabora nako utasikia "leo jumuiya imechelewa kuisha", au lile linaloudhi kuliko yote: "Fulani siku hizi hana jumuiya", yaani haonekani Jumamosi asubuhi. Mvua inaweza kuahirisha sala. Jumuiya yenyewe ni watu, na watu hao wapo, kila mmoja kwake, wanasikiliza bati.

Maana yake kwa haraka: jumuiya ndogo ndogo ya Kikristo ni familia za Wakristo wanaokaa jirani, mara nyingi kumi hadi ishirini, wanaosali nyumba kwa nyumba, kusoma Neno pamoja na kubebana katika ugonjwa, msiba, ubatizo na ndoa. Ni sehemu ya kigango (kituo cha sala kilicho chini ya parokia) au parokia. Ina mtakatifu msimamizi, mwenyekiti, katibu na mtunza hazina. Neno hili linasikika zaidi kwa Wakatoliki, ingawa Walutheri nao wana jumuiya zao. Hapo hakuna ugomvi. Ugomvi uko kwenye neno lenyewe, tunapolitumia kwa sala ya Jumamosi badala ya watu.

Jumuiya ni neno la asili ya Kiarabu, mzizi wake j-m-ʿ, kukusanya. Mzizi huo umetupa Ijumaa, siku ya kukusanyika. Umetupa juma, na kutoka hapo Jumamosi na Jumapili. Umetupa jamaa, jamii, kujumuika na kujumuisha. (Jumla anafanana nao sura lakini si wa ukoo huu, mzizi wake ni j-m-l.) Wanaobishana kama iandikwe jumuiya au jumuia wanapoteza muda, maana zote mbili zimo vitabuni. La kuangalia ni kwamba hakuna hata moja kati ya ndugu hawa linalotaja saa, ratiba wala mahudhurio. Jamaa yako aliyekwenda Mpanda miaka mitatu bado ni jamaa yako.

Kanisa nalo lina habari hiyohiyo. Tumelipata kupitia Kiarabu, nacho kililipata kwenye Kiaramu, ambako maana yake ni mkusanyiko. Kiebrania kina ndugu yake, Knesset, jina la bunge la Israeli. Kwa hiyo anayesema "sikwenda kanisani, nilikwenda jumuiya tu" ametaja kitu kimoja mara mbili, halafu akakipunguza cha pili kwa "tu". Mtume Paulo alipowasalimu Prisila na Akila hakuona tabu kulisalimu pia kanisa lililokuwa nyumbani mwao. Hakuliita tawi, wala kanisa la muda wakati wakisubiri jengo.

Kwa mtu wa Kigoma mambo yanazidi kunoga, kwa sababu ng'ambo ya ziwa kitu hichihichi kina jina jingine. Wakongo wa upande wa Kivu huita shirika. Mkimbizi aliyefika kambi ya Nyarugusu akikwambia "nasali na shirika letu", usidhani anazungumzia shirika la masista au shirika la umeme. Wamoraviani wa Tabora nao wana ushirika, lakini kwao ni sawa na parokia. Walutheri huita usharika. Yote hayo yanatoka sh-r-k, kushiriki, na humohumo ndimo Waislamu wanamopata shirki, dhambi ya kumshirikisha Mungu na asiye Mungu. Mzizi mmoja, nyumba nyingi. Katanga nako kulikuwa na Jamaa, vuguvugu lililoanzia kwa padri Mfransisko wa Ubelgiji, Placide Tempels, kule Kolwezi mwaka 1953. Hilo lilikuwa la watu walioingia kwa hatua za kufundwa, hasa mke na mume pamoja. Ni jambo zuri kulijua, ila si jumuiya tunayoizungumzia hapa, kwa sababu huku hakuna kufundwa ili uingie.

Na hapa ndipo penye mfupa. Jumuiya ni ya mahali. Ukihama Ipuli ukapanga Isevya, umehama jumuiya. Unachukua barua ya utambulisho kwa mwenyekiti wa zamani, unampelekea mpya, basi. Hukuwachagua wenzako na wao hawakukuchagua. Wanawake wana WAWATA, wanaume wana UWAKA, vijana wana VIWAWA, na hivyo ni vyama vya kitume: huingia kwa jinsia au umri, na kwa kutaka. Kikundi cha maombi, cha karismatiki au kingine, ni cha wanaovutwa na namna moja ya kusali, hata kama mmoja anatoka Gungu na mwingine Katubuka. Kwaya ni ya wenye sauti, au wanaodhani wanayo. Jumuiya peke yake ndiyo inayomkuta bibi asiyesikia vizuri, mwalimu mgeni, mtoto anayeanza mafundisho na kijana anayelala mpaka saa nne, ikawaambia wote: ninyi ni wa hapa.

Ndiyo maana inashangaza kuona watu wanalikwepa neno jumuishi kana kwamba limeshuka juzi kutoka semina ya wafadhili. Jumuishi na jumuiya wamenyonya ziwa moja. Wanandoa ambao ndoa yao haijabarikiwa hawapokei Komunyo, lakini ni wanajumuiya: wanasoma, wanashirikisha, na sala inafika nyumbani kwao zamu ikifika. Mke Mkristo aliyeolewa na Mwislamu, jambo ambalo Ujiji si la ajabu, ni mwanajumuiya kamili. Linalotakiwa ni kumwomba mume, mwenye nyumba, ridhaa kabla ya siku, wala si kumruka mama huyo kwenye orodha ya zamu "ili tusimsumbue". Akirukwa mara tatu anajua amefutwa.

Mpango wenyewe una umri wa kutosha. Maaskofu wa AMECEA, yaani mabaraza ya Kanisa Katoliki ya Afrika Mashariki na nchi jirani, walikaa Nairobi mwaka 1973 wakalijadili wazo, na mwaka 1976 wakaazimia kuwa kujenga jumuiya hizi kuwe kipaumbele cha kichungaji. Hoja yao ilikuwa rahisi: parokia ni kubwa mno kwa watu kujuana. Ndiyo sababu ya lile "ndogo ndogo", ambalo nalo linaonewa. Kwa Kiswahili, kurudia hivi ni kuhesabu kimoja kimoja, kama tunavyosema "wawili wawili". Maana yake kila moja ndogo, na ziko nyingi. Halimaanishi jumuiya duni.

Udogo huo una kazi. Familia zikipita ishirini na kitu, sebule haitoshi, mkutano unahamia chini ya mwembe, wenye aibu wanakaa nyuma na wanaosema ni walewale watano. Hapo jumuiya igawanywe. Kosa la kawaida ni kuigawa kwa urafiki: kundi la mwenyekiti huku, wasiompenda kule. Igawanywe kwa njia au korongo, kitu ambacho hata mgeni anaweza kuonyeshwa kwa kidole. Hazina nayo igawanywe siku hiyohiyo, kwa idadi ya familia, mbele ya wote, na daftari lisainiwe. Ikiachwa "tutaona baadaye", ugomvi wa sufuria za msiba utadumu kuliko waliozinunua.

Sasa sala yenyewe, maana wengi hudhani ni Misa iliyokosa padri. Misa iko peke yake. Ibada ya Neno inayoongozwa na katekista kigangoni Jumapili ni jambo la pili. Sala ya jumuiya ni la tatu, na ina mwendo wake. Mwendo uliozoeleka ni wa hatua saba, uliotoka Taasisi ya Lumko ya Afrika Kusini kwa kazi ya Fritz Lobinger na Oswald Hirmer: kumkaribisha Bwana, kusoma, kuchagua maneno, kukaa kimya, kushirikishana, kutafuta la kutenda, na kusali kwa maneno yetu wenyewe. Dakika 45 zinatosha, saa moja isipitwe.

Hatua ya tatu ndiyo inayoharibiwa zaidi. Tuseme somo ni Marko 4, Yesu na wanafunzi ziwani. Mtu mmoja anachagua maneno machache, "na tuvuke mpaka ng'ambo", anayasema polepole. Kimya kidogo. Anayasema tena. Kimya. Mara ya tatu. Hafafanui. Baada ya muda mwingine anatoa ya kwake: "mbona mmekuwa waoga?" Hapa mtoto wa miaka kumi ana nafasi sawa na katekista, kwa kuwa kinachotakiwa ni kusoma maneno matatu manne tu. Asiyejua kusoma anayataja kwa kukumbuka alichosikia, na kwa sababu hiyo somo lisomwe mara mbili, taratibu, na wasomaji wawili.

Kinachoharibu ni mtu kuongeza "maana yake ni kwamba..." Hapo mahubiri yameanza, na asiye na maneno mengi amefungiwa mlango. Kiongozi amkatishe kwa upole: "Tuyasikie tena maneno yenyewe, ndugu." Hatua ya nne, kimya cha dakika tatu hadi tano, huuawa na wimbo. Watu wetu wanaogopa kimya, na daima yuko mmoja wa kukiokoa kwa pambio. Aombwe asubiri. Hatua ya tano ni ya kusema "mimi", si "sisi Wakristo wa leo". Na ya sita, iliyowekwa ili jumuiya iulizane nani mgonjwa, nani hajaonekana, nani atakwenda na lini, mara nyingi humezwa na michango: ya ujenzi, ya gari la parokia, ya harusi. Michango ina nafasi yake, baada ya sala kwisha, daftari likiwa mezani. Ikiingia hatua ya sita, asiye na hela wiki hiyo atajifunza kutokuja, na ndivyo anavyogeuka kuwa yule Fulani "asiye na jumuiya".

Au pengine Fulani yuko ziwani. Wavuvi wa dagaa wa Tanganyika hufanya kazi usiku kwa taa, na saa 12 asubuhi ya Jumamosi ndiyo saa ya kushusha mzigo, wake zao wakiwa mchangani wanautandaza. Kupanga sala saa hiyo katika kijiji cha wavuvi ni kuamua nani asije. Kuna siku za mbalamwezi ambapo mitumbwi hupumzika, kwa hiyo kalenda ipangwe kwa kutazama mwezi, au sala iwe jioni kabla hawajatoka. Upande wa Tabora yuko mkulima anayekausha tumbaku, ambaye moto wa bani, banda la kukaushia, hawezi kuuacha, na yuko mrina asali aliyeko porini wiki nyingi. Zamu yake isifutwe. Isogezwe, na familia yake itembelewe hivyohivyo.

Mwenyekiti anayegoma kusaini barua ya ubatizo wa mtoto kwa kuwa "wazazi hawana jumuiya" huwa na nia ya kukaza kamba, tusimbeze. Ila aandike kile anachokijua kweli: "hawajahudhuria sala miezi mitano". Hilo linajibika. Padri atauliza kwa nini, na jibu linaweza kuwa ziwa, bani, au deni la mchango lililomtia mtu aibu.

Na tangazo la mvua lisomwe hivi: "Kesho saa 12 asubuhi jumuiya itasali kwa mama Yohana. Mvua ikinyesha, tutasali Jumapili baada ya Misa, hapohapo. Walio karibu na mzee anayeumwa mguu wampitie, mvua au jua."