Difu inalia: maana yake kwenye Land Rover ya zamani

Gereji nyingi huipa kila kelele ya nyuma ya gari jina moja: difu inalia. Difu ni ile seti ya gia katikati ya ekseli inayopeleka nguvu kwenye magurudumu. Hulia kweli pale meno ya krauni (gia kubwa) na pinioni (gia ndogo inayoizungusha), au beringi zinazoyashikilia, yakilika au yakifungwa vibaya. Ila kwenye ekseli hiyohiyo kuna beringi za magurudumu, shafti za pembeni zinazotoka difu hadi magurudumuni, drami za breki na krosi (kiungo kinachopinda) ya propela shafti inayoleta nguvu kutoka gia boksi, na chuma husafirisha sauti huku na huku. Ndani ya Series III, moja ya Land Rover hizo za zamani, yenye bodi ya alumini na sakafu tupu, sikio halikuambii kelele inatoka wapi. Fundi makini huanza kwa kuuliza inalia lini.

Tupige hesabu kidogo. Difu ya Series III ina uwiano wa 4.7 kwa 1, yaani pinioni meno 10, krauni meno 47. Tairi ya 7.50-16 ina mzingo wa kama mita 2.5. Ukienda kilomita 60 kwa saa, gurudumu linazunguka mara 400 kwa dakika, karibu mara 7 kwa sekunde. Propela shafti inazunguka mara 31 kwa sekunde, na meno ya krauni na pinioni yanakutana zaidi ya mara 300 katika sekunde hiyohiyo. Ndiyo maana ubovu wa gurudumu hunguruma kwa mapigo ambayo ukipunguza mwendo unakaribia kuyahesabu, krosi iliyokufa huleta mtetemo wa haraka unaousikia hadi kwenye kiti, na difu yenyewe huimba noti moja ndefu inayopanda na kushuka pamoja na spidi.

Kisha cheza na pedeli ya mafuta. Kila jino lina upande wa kusukuma na upande wa kusukumwa, kwa hiyo mvumo unaokuja ukikanyaga na kupotea ukiachia, au kinyume chake, unatoka kwenye difu. Ukisikika zaidi unapoteremka mlima umeachia mafuta, ishuku beringi ya pinioni. Shika flenji ya pinioni uitikise juu na chini: haitakiwi kucheza hata kidogo. Beringi ya gurudumu haijali mafuta, inajali kona. Ukikata kulia uzito unahamia kushoto, na kama mngurumo unaongezeka hapo, anza na gurudumu la kushoto. Kelele inayokuja kwenye kona tu, nayo si ya gurudumu, mara nyingi ni ya gia ndogo za katikati ya difu. Usisahau tairi zenyewe. Tairi za matope huvuma sana kwenye lami, lakini ukiingia barabara ya vumbi sauti inabadilika. Sauti ya difu haibadiliki kwa sababu ya barabara.

Ule mlio wa "ko!" unapoingiza gia au kuachia klachi ni suala jingine: ni uwazi uliojikusanya kutoka sehemu nyingi. Uwazi halali kati ya krauni na pinioni ni sehemu ndogo tu ya milimita. Krosi na meno ya mwisho wa shafti za pembeni huchangia zaidi, na kwa maoni yangu kufungua difu kabla ya kuvikagua ni kutupa pesa.

Kuna kipimo kinachomaliza ubishi. Kabla ya kupiga jeki, weka mawe kwenye magurudumu ya mbele: hendibreki ya Series hushika propela shafti, kwa hiyo ukiinua gurudumu moja la nyuma difu inaliachia lizunguke na gari linaweza kuondoka. Fungua propela shafti ya nyuma, sukuma chini kile kitasa cha njano ili mbele ivute, kisha endesha taratibu. Kelele ikipotea, ni krosi, au ni difu inayolia ikibeba mzigo. Ikibaki, chomoa na shafti za pembeni. Ekseli hii inaruhusu, kwa sababu gurudumu linakaa kwenye habu (kitovu chake) na halitatoka. Ziba matundu vumbi lisiingie. Sasa kinachozunguka nyuma ni magurudumu tu. Kelele ikiwa bado ipo, ni beringi, breki au tairi. Ikiwa imekwisha, difu ndiyo yenye kesi.

Hapo mwaga oili kwenye beseni safi. Unga laini wa kijivu kwenye gari la umri huo ni kawaida. Vipande vinavyochoma kidole ni meno au beringi. Na kama unanunua gari, mwaga oili hiyo hata difu ikiwa kimya kabisa, maana wauzaji wajanja tangu zamani wamekuwa wakitia vumbi la mbao ndani ili difu isilie mpaka ulipe.