Kibali cha ukaazi hakivuki Sirari

Desemba 2024, mteja wangu mmoja alirudishwa mpakani Sirari akiwa na mke na watoto wawili. Ni mhandisi wa mitambo katika kiwanda cha samaki hapa Mwanza, raia wa India, na Kiswahili chake kina lafudhi ya Kisukuma kabisa. Mkononi alikuwa na pasi, kibali cha ukaazi daraja B na kitambulisho cha NIDA, kile wanachopewa wageni wakaazi. "Mimi si mtalii, kaka. Huu mwaka wa nne naishi Mwanza." Afisa wa upande wa Isebania akamjibu kwa upole kwamba anakaribishwa Kenya, ila aonyeshe eTA yake, yaani idhini ya kuingia inayoombwa mtandaoni kabla ya safari. Hakuwa nayo. Wakapanda basi la kurudi.

Mimi nina kibanda cha kuchapa barua na kujazia watu fomu za mtandaoni, na kila msimu wa likizo nakutana na watu wenye imani ileile aliyokuwa nayo huyu bwana: kwamba ukishakubaliwa kuishi Tanzania, jirani naye amekukubali. Si kweli. Kibali cha ukaazi ni mapatano kati yako na Tanzania, na Kenya haikuwepo mlipoyafanya. Dirishani kwa jirani swali la kwanza ni pasi yako ya nchi gani. Unaishi wapi linafuata baadaye, kama litaulizwa.

"Lakini Afrika Mashariki si moja?" Hapa ndipo wengi wanapoteleza, na siwalaumu, maana nusu yake ni kweli. Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianza kutumika Julai 1, 2010, na inawapa uhuru wa kuvuka mipaka bila viza raia wa nchi wanachama. Raia, si wakaazi. Mtanzania akifika Isebania, au Mutukula kwenye mpaka wa Uganda, anagongewa muhuri bila kulipa viza, na anaweza kupewa hadi miezi sita. Jirani yake wa Capri Point hapa Mwanza mwenye pasi ya India, China au Uingereza anasimama kwenye mstari mwingine, hata kama wamepanda basi moja pale stendi ya Buzuruga na kula mahindi ya kuchoma ya mkono mmoja.

Kuna na hoja ya rafiki wa Kampala. Mteja ananiambia, "Mbona mwenzangu Mhindi anaishi Kampala na anakwenda Kigali bila kulipia viza?" Huenda rafiki hadanganyi. Mwaka 2014 Kenya, Uganda na Rwanda zilikubaliana kuwaondolea ada ya viza wageni wenye vibali halali vya kuishi katika nchi hizo tatu. Tanzania haikuingia katika mpango huo. Kwa hiyo kibali cha Kampala na kibali cha Mwanza vinaweza kufanana kwa karatasi, muhuri na bei, na bado kimoja kikafungua mlango ambao kingine hakiufungui.

Nchi hizohizo tatu ndizo zenye ile viza ya pamoja ya watalii, dola 100 kwa siku 90. Tanzania haimo humo pia. Mkaazi wa Mwanza anaweza kuiomba akitaka kuzunguka Kampala, Kigali na Nairobi kwa mkupuo mmoja, na hapo hesabu inalipa. Ila asidhani ataitumia kwenda na kurudi nyumbani kila mwezi, kwa sababu ukitoka nje ya nchi hizo tatu kazi yake imekwisha.

Dhana nyingine inatoka mbali zaidi, kwa watoto wetu walio ng'ambo. Kijana ana grini kadi, ile kadi ya ukaazi wa kudumu wa Marekani, anaingia Kanada kwa kuonyesha pasi yake ya Tanzania pamoja na ile kadi, viza haombi. Au yuko Ujerumani na kibali cha kuishi, wikiendi anakwenda Ufaransa. Akija likizo anawaambia nyumbani kwamba dunia nzima iko hivyo. Haiko hivyo. Kanada imeamua kwenye sheria zake kuitambua kadi ya jirani yake, na nchi za Schengen, yaani zile za Ulaya zilizoondoleana ukaguzi wa mipakani, zimekubaliana kupokea wakaazi wa wenzao kwa siku 90 ndani ya kila siku 180. Kadi haina nguvu yake yenyewe. Nguvu yake inatoka kwa yule anayeamua kuipokea.

Na kijana huyohuyo akitaka kwenda Kisumu kumwona shangazi, grini kadi ibaki mfukoni, pasi ya Tanzania inamtosha. Ila kama ameshachukua uraia wa Marekani, mambo yanageuka. Sheria yetu ya uraia ya mwaka 1995 hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Hata kama mama yake anauza mboga Mabatini, pale Isebania yeye ni Mmarekani na ataombwa eTA.

"Nimeolewa na Mtanzania." Hongera, dada, lakini ndoa peke yake haibadilishi pasi. Mpaka uombe uraia na upewe.

Watanzania nao wana dhana yao. Wanaona Mganda akiingia Kenya kwa kitambulisho tu, nao wanabeba NIDA. Utaratibu huo wa vitambulisho ni wa zile nchi tatu tena. Mtanzania anahitaji pasi au hati ya dharura ya safari kutoka Uhamiaji. Najua wapo wanaopita njia za panya kule Tarime, na wavuvi wanaosema ziwani hakuna mpaka. Upo, na doria zipo.

Msije mkadhani kila mlango ni mgumu. Uganda viza huombwa mtandaoni kwa dola 50, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano ni lazima. Chanjo inaanza kuhesabika siku ya kumi baada ya kuchomwa, kwa hiyo usichomwe leo ukapanda basi kesho. Siku hizi daraja la Kigongo–Busisi limetuondolea foleni ya kivuko njiani kwenda huko, lakini Mutukula imebaki na utaratibu wake uleule. Rwanda ndiyo iliyomshangaza mhandisi wangu: pale Rusumo angepewa viza ya siku 30 bila malipo. Hiyo haitokani na kibali chake cha Tanzania. Anaipata kwa kuwa India ni mwanachama wa Jumuiya ya Madola.

Kisumu alikwenda wiki iliyofuata. Tulikaa naye kibandani tukajaza eTA nne. Alibisha kidogo kuhusu binti yake mdogo, aliyezaliwa hospitali ya Bugando hapa Mwanza na hajawahi kuishi kwingine. Nikamfungulia pasi ya mtoto, nikamwonyesha jalada. Akacheka, akatoa kadi ya benki, akalipa dola 120.