Ndoo ya Bati Mbele, Sigiri Nyuma

Ukienda sokoni kununua sigiri, yaani jiko la mkaa, tenga kwanza fedha za ndoo ya bati yenye kifuniko kinachobana. Koleo na kisepetu cha chuma vifuate. Moto hautoroki wakati wa kupika tu. Hutoroka pia baadaye, kwenye majivu yaliyotupwa nyuma ya nyumba yakidhaniwa yamepoa.

Jivu huhifadhi joto. Kaa lililofukiwa ndani yake laweza kubaki hai siku 2 hata 4, huku juu pakiwa baridi. Upepo ukilifunua, cheche huruka hadi kwenye nyasi kavu au ukuta wa mbao. Kwa hiyo ndoo ya plastiki haifai, wala gunia, wala boksi. Zoa majivu kwa kisepetu, tia ndani ya ndoo, funika, iweke nje juu ya udongo mtupu, angalau mita 3 kutoka nyumba, ghala na banda la mifugo. Siku 4 zikipita, yapeleke kwenye migomba.

Ndoo ya pili itakuokolea mkaa, maana bei yake kila mtu anaijua. Chakula kikiiva na makaa bado mekundu, usiyamwagie maji: udongo wa ndani ya sigiri utapasuka na mvuke utakuunguza mkono. Yatoe kwa koleo lenye urefu wa sentimita 40 hivi, yatie ndooni, funika. Yakikosa hewa yatazimika, na kesho yatashika moto upesi. Ila usiyarudishe kwenye gunia la mkaa siku hiyohiyo. Moja likiwa hai, gunia zima litawaka.

Kabla ya kuwasha, zibua kwa msumari mrefu matundu yaliyo chini ya mkaa, kisha fungua kimlango cha chini. Matundu yakijaa jivu hewa haipandi, moto unafifia, na mpishi anaongeza mkaa akidhani haukutosha. Pepea kwenye kimlango hicho. Ukipepea kwa juu utarusha cheche na majivu chakulani. Mafuta ya taa usiyamimine kamwe juu ya makaa yenye moto, sembuse petroli: ndimi hupanda hadi kwenye kopo lililo mkononi. Sigiri ikae palipo tambarare, juu ya karai pana lenye mchanga, na watoto wasicheze ndani ya mita 1 kuizunguka.

Wenzetu wa Kabale na Kapchorwa, huko milimani Uganda, usiku wenu ni wa baridi kali na tunaelewa kwa nini sigiri huingizwa chumbani. Tafadhali msifanye hivyo. Hakuna kifaa kati ya hivi kinachoifanya iwe salama mahali pa kulala. Makaa mekundu yasiyo na moshi ndiyo hasa yanayodanganya: hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyoonekana wala kunuka, ambayo huishika damu kwa nguvu mara 200 na zaidi kuliko oksijeni. Aliyelala hapati nafasi ya kuamka.

Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na miguu kulegea. Zikiwapata watu wawili wa nyumba moja kwa pamoja, na sigiri ilikuwa ndani, shuku hewa kabla ya kushuku malaria. Fungua milango, watoe wote nje, piga 999 au 112, na uwafikishe hospitali hata kama wamezinduka na wanasema wako sawa.