Kwa nini minyiri ya ngisi hucheza ikitiwa chumvi?

Pale Feri, Mtwara, mitumbwi ikishashusha alfajiri, ukimuwahi ngisi aliyetoka majini muda huo huo utaona kituko. Mama muuzaji ameshamkata minyiri chini ya macho na kuiweka kwenye sinia, imelegea kama kamba zilizoloa. Kisha anaitupia konzi ya chumvi ya mawe. Minyiri inajikunja, inanyooka, mmoja unajiviringa ukingoni mwa sinia kama unaotaka kushuka. Mtoto aliyetumwa kitoweo anarudi nyuma.

"Mama, mbona huyu bado mzima?"

"Kafa huyo, mwanangu. Chumvi tu hiyo inamchezesha."

Mama yuko sahihi. Msuli husubiri amri, na amri huletwa na seli ya neva, yaani nyuroni: kijiseli chenye uzi mrefu wa kupelekea habari. Minyiri ina nyuroni zake yenyewe, ndiyo maana haihitaji kichwa ili ijikunje. Sisi zetu nyingi zimo kichwani. Mwaka 2009 timu ya Suzana Herculano-Houzel wa Brazili ilizihesabu kwa njia ambayo mpishi yeyote angeielewa: waliusaga ubongo wa binadamu ukawa supu, wakaikoroga vizuri, wakahesabu viini vya seli katika matone machache. Wakapata nyuroni kama bilioni 86.

Nyuroni hufanya kazi kwa umeme, ila si huu wa nguzo na luku. Ni umeme wa chumvi. Utando wa seli una pampu ambazo usiku na mchana hutoa nje sodiamu, ile ile iliyomo kwenye chumvi inayovunwa mashambani Lindi, na kuingiza potasiamu, ile iliyojaa kwenye maji ya dafu. Kila sodiamu tatu zikitoka, potasiamu mbili zinaingia. Kwa ngisi, sodiamu ya nje hufikia kama mara tisa ya ile ya ndani, na ndani kunakuwa na chaji hasi ya milivolti 60 hadi 70 hivi. Ni kidogo mno; betri moja ya redio ina milivolti 1,500. Amri inapokuja, vilango vilivyo kwenye utando hufunguka na sodiamu inaingia kwa fujo, kama maji ya bamvua yanavyovamia shamba la chumvi lililobomoka ukingo. Chaji inageuka. Potasiamu inatoka, hali inarudi ilivyokuwa. Yote hayo kwa kama sehemu moja ya elfu ya sekunde, na kipande cha uzi kinachofuata kinashtuka, na kinachofuata tena, mpaka mwisho.

Basi minyiri iliyo kwenye sinia imekatwa, lakini chaji bado imo. Chumvi ya ghafla inavuruga mizani, vilango vinafunguka, na amri ambayo hakuna aliyeitoa inafika kwenye msuli.

Haya tumeyajua kwa ngisi huyo huyo. Nyuzi za nyuroni zetu ni nyembamba kupita kiasi, huwezi kuchomeka kitu ndani. Ngisi, akitaka kukimbia, hubana mwili wote kwa mpigo na kurusha maji, na amri hiyo hupita kwenye uzi mnene ajabu: nusu milimita, wakati mwingine hata milimita nzima. Mwingereza John Zachary Young aliueleza mwaka 1936. Mwaka 1939, huko Plymouth, Alan Hodgkin na Andrew Huxley wakapenyeza waya ndani ya uzi huo na kupima umeme wake. Wiki chache tu, vita ikaanza, kazi ikalala kwa miaka. Mwaka 1952 wakaeleza vilango vile kwa hesabu ambazo Huxley alizipiga kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono. Tuzo ya Nobel ikaja 1963. Mimi kinachonichekesha zaidi ni jaribio la 1961: Hodgkin na wenzake waliukamua uzi wa ngisi kama bomba la dawa ya meno, ute ukatoka, wakaujaza maji yenye potasiamu. Ukaendelea kupeleka amri kama kawaida!

Ili amri ziende haraka, sisi hatukunenepesha nyuzi. Nyingi tumezizungushia mafuta, kama waya unavyovikwa plastiki. Pasua ubongo wa mbuzi uone: kwa nje kijivu, ndani weupe. Weupe ule ndio mafuta yenyewe.

Vilango hivyo vikizibwa, kila kitu kinanyamaza. Ndivyo inavyofanya sumu ya samaki aitwaye bunju. Midomo inakufa ganzi, viungo vinalegea, na misuli ya pumzi ikikosa amri mtu anakufa, tena sumu yenyewe haiondoki kwa kuchemshwa. Sindano ya ganzi kwa daktari wa meno huziba vilango hivyo hivyo, ila kwa muda, na pale pale penye jino.

Pampu nazo zinakula. Ubongo wako ni kama asilimia 2 ya uzito wa mwili lakini unatumia karibu asilimia 20 ya nguvu yote, na sehemu kubwa inaishia kwenye kuhamisha chumvi tu. Ngisi aliyekufa hana tena cha kuzilisha. Akiba ikiisha, sodiamu inavuja ndani na chaji inapotea. Njoo Feri saa nne, jua limeshapanda, umwage chumvi uwezavyo: minyiri imetulia, na mama ameshashusha bei.